Macho Mekundu Si Ushahidi: Mzazi Atajuaje Kama Kijana Ameanza Kutumia Vilevi?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wazazi kila baada ya miezi michache, hasa inapovuma habari ya kijana aliyekutwa na vidonge au aliyezidiwa na pombe. Huanza na onyo kwa herufi kubwa, kisha inafuata orodha: analala mpaka saa sita mchana, anakula kupita kiasi au hali kabisa, anajifungia chumbani, amebadilisha marafiki, hataki kuulizwa alikuwa wapi, simu haimtoki mkononi. Mzazi anasoma huku moyo ukimwenda mbio. Mwanawe ana dalili zote.

Na mtoto wa jirani anazo zote. Ukiiondolea kichwa chake cha kutisha, orodha hiyo ni maelezo mazuri tu ya mtu mwenye umri wa miaka 15. Ndiyo maana inawatia hofu wazazi wasio na cha kuogopa, na papo hapo inawapita wale ambao watoto wao wanakunywa kila mwisho wa wiki na bado wanaleta alama nzuri nyumbani.

Tuanze na maneno yenyewe. Kilevi ni kitu chochote kinachoingia mwilini na kubadilisha namna ubongo unavyofanya kazi. Pombe ni kilevi, bangi ni kilevi, heroini ni kilevi. Lakini pia nikotini iliyomo kwenye sigara za kielektroniki zenye ladha ya matunda, vidonge vya usingizi vya bibi vilivyoko kabatini, dawa kali za maumivu kama tramadoli, dawa ya kikohozi yenye kodeini, gundi na petroli inayonuswa. Sheria inavigawa vitu hivi kuwa halali na haramu. Ubongo haujui sheria. Wazazi wengi wanaogopa unga ambao pengine mtoto wao hatauona maishani, na hawajiulizi vidonge vilivyobaki baada ya upasuaji wa baba viliishia wapi.

Yapo pia maneno matatu yanayochanganywa kila siku. Kujaribu ni mara moja au mbili, kwa udadisi, aghalabu mbele ya wenzake. Matumizi yenye madhara ni pale kilevi kinapoanza kumgharimu: ameanguka, amekosa mtihani, ameamka mahali asipopajua. Uraibu, ambao mtaani wanauita uteja, ni pale anapotaka kuacha na hawezi, au anapoendelea ingawa anaona wazi kinavyomharibu. Mzazi anayemwita mwanawe teja kwa sababu ya chupa moja ameruka hatua nzima katikati, na kijana analijua hilo. Kuanzia hapo hamsikilizi tena.

Wengi wanaojaribu hawafiki kwenye uraibu. Hakuna faida ya kuwaficha vijana jambo hili, kwani wanawaona wenzao waliojaribu wakiendelea na masomo na michezo. Kinachobadilisha hesabu ni umri. Kwa bangi, makadirio ambayo wataalamu wameyatumia kwa miaka mingi ni kwamba mtu 1 hivi kati ya 10 wanaoitumia hupata uraibu, lakini kwa walioanza katika umri wa balehe ni kama 1 kati ya 6. Kwa pombe, uchambuzi wa takwimu za Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa takriban mara 4 wa kuwa waraibu kuliko waliosubiri hadi miaka 20. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mambo yaliyokuwepo kabla ya glasi ya kwanza: kurithi, msiba, mateso ya utotoni. Hata hivyo sehemu nyingine ni umri wenyewe, na huo ndio mzazi anaoweza kuufanyia kazi. Kumchelewesha mtoto mwaka mmoja tu tayari ni ushindi, hata kama hutamzuia milele.

Nyumba yenye umeme bila swichi kuu

Kwa nini umri una uzito hivyo? Fikiria nyumba inayojengwa. Nyaya zimepitishwa vyumba vyote, taa zinawaka, muziki unalia, lakini fundi hajafunga bado swichi kuu, ile ya kuzima kila kitu pakitokea hitilafu. Ubongo wa kijana uko hivyo. Sehemu zinazoshughulika na raha, msisimko na kupendwa na wenzake zinafanya kazi kwa nguvu tangu balehe inapoanza. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kusema "ngoja kwanza", ndiyo ya mwisho kukomaa, na kazi hiyo huendelea hadi karibu miaka 25. Kumwaga kilevi kwenye nyumba ambayo mafundi bado wamo ndani ni jambo tofauti kabisa na kukimwaga kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wa watoto wenye akili hulikosa. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani waliwapa vijana wa miaka 13 hadi 16, pamoja na watu wakubwa zaidi, mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Kila mmoja alicheza ama peke yake ama wenzake wakimtazama. Watu wazima hawakubadilika kwa kutazamwa. Vijana, mara tu marafiki walipokuwa kando yao, walijihatarisha zaidi. Kwa hiyo mama anayesema "mwanangu ana akili zake, namjua" anasema kweli, ila anamjua akiwa mezani nyumbani. Hajamwona akiwa na wanne wenzake saa tano usiku.

Na uraibu wenyewe unaingiaje? Tuseme jirani yako amefungulia muziki kwa sauti ya juu usiku kucha. Siku ya kwanza unashtuka. Ya pili unafunga dirisha, ya tatu unaweka pazia zito, na baadaye unaziba hata upenyo wa mlango. Ubongo hufanya vivyo hivyo kilevi kinapoufurika kwa kemikali za raha: unapunguza milango ya kuzipokea. Ndiyo sababu kiasi kilichotosha mwezi uliopita hakitoshi leo. Sasa jirani akizima muziki ghafla, madirisha yako bado yamefungwa. Husikii ndege, husikii watoto wakicheza. Chakula hakina ladha, mpira hauna raha, mwili unauma. Hiyo ndiyo hali watumiaji wanaiita arosto. Kijana aliye ndani yake hatafuti starehe tena. Anatafuta kuwa kama wewe ulivyo asubuhi ya kawaida.

"Bora anywe mbele yangu"

Dhana hii ina watetezi wengi wenye nia njema: nikimwonjesha mimi, atajifunza kiasi, na utamu wa kujificha utaisha. Watafiti wa Australia waliwafuatilia vijana 1,927 kwa miaka 6 kuona kama ni hivyo, na mwaka 2018 wakatoa majibu. Waliopewa pombe na wazazi hawakukingwa na chochote. Walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunywa kwa kupindukia na kupata madhara kuliko wasiopewa na yeyote, na tena walielekea zaidi kuipata kwingine pia. Kijana hajifunzi kiasi. Anajifunza kwamba hilo limeruhusiwa.

Dhana nyingine ni kwamba bia si pombe hasa. Chupa ya bia ya mililita 330 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 13 hivi za kilevi. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina kama 14. Kipimo kidogo cha pombe kali cha mililita 40 chenye asilimia 40 ni karibu 13. Ni kitu kilekile kilichochanganywa na maji mengi au machache. Ini huondoa takriban kiasi hicho kimoja kwa saa, na kahawa, maji baridi au kukimbia uwanjani haviliharakishi. Mlevi aliyekunywa kahawa ni mlevi aliye macho.

Ama bangi kuwa salama kwa sababu ni mmea, sumu nyingi tunazozijua zimetoka kwenye mimea. Tuendelee.

Unachotafuta ni badiliko

Homa si ugonjwa. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mafua, inaweza kuwa jino. Daktari akiona homa hatoi hukumu, anauliza imeanza lini na imekuja na nini. Dalili za vilevi zinahitaji macho ya namna hiyo. Swali si kama kijana analala sana. Swali ni kama huyu, uliyemlea na kumzoea, alikuwa halali hivi hadi wiki tatu zilizopita, na kama usingizi huo umeandamana na mambo mengine.

Mambo yanayostahili kukufanya usimame ni yale yanayokuja kwa mkupuo. Aliyependa kuimba ameacha kwaya, tena bila kuweka kitu kingine mahali pake. Marafiki wa zamani hawatajwi, wapya hawana majina wala sura. Pesa zinapungua kwenye pochi, au vitu vidogo vinatoweka, au kinyume chake, ana pesa zisizo na maelezo. Hasira na furaha zinapishana bila sababu unayoiona. Anarudi na kupitiliza moja kwa moja bafuni, kila mara ananukia pafyumu na peremende ya mnanaa. Hadithi zake za alikokuwa hazishikani: Jumatatu anasema alikuwa kwa huyu, Jumatano anasema siku ileile alikuwa kwa yule.

Mwili nao husema, lakini kwa lugha tofauti kwa kila kitu. Bangi huyafanya macho kuwa mekundu na kuleta njaa. Heroini, kodeini na dawa kali za maumivu huzifanya mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya kalamu, na mtu husinzia katikati ya sentensi. Vilevi vya kuchangamsha hupanua mboni, huondoa hamu ya kula na usingizi. Gundi na petroli huacha harufu ya kemikali kwenye nguo na wakati mwingine vipele kuzunguka mdomo. Hivi ni vya hatari ya pekee, maana vinaweza kuusimamisha moyo hata kwa mtu anayenusa kwa mara ya kwanza. Sigara za kielektroniki karibu haziachi alama yoyote, na baadhi ya vifaa vyake hufanana na kalamu au kifaa cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta.

Macho mekundu pekee yanaweza kuwa mzio, simu ya usiku wa manane, au kilio. Hilo la mwisho lisipitwe haraka. Kujitenga, kukosa usingizi, kushuka kwa alama na kuacha vitu alivyovipenda ni dalili za sonona pia, na ni dalili za mtoto anayeonewa shuleni au anayedhulumiwa kingono. Mara nyingi mambo haya hutangulia na kilevi hufuata kama dawa ya kujitibu. Mzazi anayeuliza "unavuta nini?" wakati mtoto angejibu swali la "nani anakuumiza?" amepoteza nafasi ambayo huenda isirudi karibuni.

Vipi kuhusu vile vipimo vya mkojo vya kujifanyia nyumbani? Sivipendekezi kama hatua ya kwanza. Bangi inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya mtumiaji wa mara kwa mara kuacha, ilhali pombe hutoweka ndani ya saa chache na gundi haimo kabisa kwenye vipimo vya kawaida. Mbaya zaidi, jibu safi la uongo hukulaza, na jibu chafu la uongo huvunja nyumba. Kipimo kina mahali pake kwa daktari, kijana akijua anapimwa.

Mzazi hujuaje anachokijua?

Kwa miaka mingi wataalamu walisema kinga kubwa ni ufuatiliaji: watoto ambao wazazi wao wanajua waliko na walio nao hupata matatizo machache. Wazazi wakalitafsiri hilo kuwa upelelezi, yaani kukagua begi, kusoma simu, kufuatilia ramani. Mwaka 2000 watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliofanya kazi na vijana wa miaka 14 nchini Sweden, waliuliza swali dogo: wazazi hao wanaojua, wamejua kwa njia gani? Jibu liliwapindua wengi. Sehemu kubwa ya walichokijua haikutokana na kupekua wala kuhoji. Ilitokana na mtoto mwenyewe kusimulia kwa hiari.

Ukilichukua jibu hilo kwa uzito, swali la nyumbani linageuka. Badala ya "nitamkamataje?", linakuwa "kwa nini aniambie?" Kijana anahesabu. Aliposema kuwa kwenye sherehe kulikuwa na pombe, ulifanya nini? Kama alifungiwa ndani mwezi mzima kwa kuwa msema kweli, amejifunza kusema uongo, na amejifunza kwako. Hili halina maana ya kuwa mlegevu. Kanuni ziwepo, chache, zinazosemwa waziwazi kabla ya tukio: hakuna pombe wala kilevi kingine, saa ya kurudi ni hii, ukivunja kitatokea hiki. Na kanuni moja ya ziada isiyojadiliwa: ukikwama popote, usiku wowote, hata kama umekunywa, nipigie, nitakuja, na maswali yatasubiri mpaka kesho yake. Baadhi ya familia hukubaliana neno la siri ambalo kijana anaweza kulituma mbele ya wenzake bila aibu, na mzazi akapiga simu akijifanya anamwita kwa ukali. Kijana anapata kisingizio na heshima yake inabaki.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi wengi huisoma kama ruhusa ya kiboko. Mimi naisoma kwa upande wa "angali mbichi". Mazungumzo haya yanaanza mtoto akiwa na miaka 9 au 10, kwa sentensi moja moja, linapopita tangazo la bia au mlevi barabarani. Anayengoja hadi miaka 16 na kuketisha kikao cha saa mbili anahutubia mtu aliyekwisha kuamua.

Kutisha nako kuna historia yake. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walianzisha mpango wa D.A.R.E., askari akiingia darasani kuwafundisha wanafunzi hatari za dawa za kulevya. Ulienea kila pembe ya Marekani. Tathmini nyingi zilizofuata zilikuta kuwa wanafunzi waliopitia mpango ule wa awali walikuja kutumia vilevi sawa tu na ambao hawakuupitia. Mafunzo hayo yalikuwa na habari nyingi, ila maisha ya mwanafunzi baada ya kengele ya mwisho yalibaki vilevile.

Nchi iliyogusa maisha hayo ni Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wake wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya siku 30 zilizopita. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Katikati yake, wazazi walihimizwa kutumia muda mwingi zaidi na watoto wao siku za kawaida, wakawekeana makubaliano kuhusu saa za kurudi nyumbani na sherehe zisizo na mtu mzima, na serikali ikaweka fedha kwenye michezo, muziki na sanaa, pamoja na sheria kali za umri wa kununua pombe na tumbaku. Mzazi mmoja hawezi kuwa serikali. Lakini anaweza kuwapigia simu wazazi wa marafiki watano wa mwanawe, na hiyo ndiyo sehemu ya mpango ule ambayo haihitaji bajeti. Sentensi ya "mbona wenzangu wote wanaruhusiwa" hufa pale wazazi wanapojuana.

Umekuta kitu mfukoni. Sasa?

Kwanza, usiongee naye akiwa amelewa. Akiwa amelewa kazi yako ni moja, kuangalia kama yuko salama. Kama haamki hata ukimtikisa, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika au pumzi inakatika kwa zaidi ya sekunde 10, anatapika bila kuwa na fahamu, ngozi imekuwa ya baridi, au midomo na kucha zimebadilika rangi kuelekea bluu, hiyo ni dharura. Mlaze ubavu, usimwache peke yake, usimlazimishe kutapika, usiseme "acha alale, litapita", kwa sababu pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala. Hospitali sasa hivi. Waambie ukweli alichotumia. Kwa heroini na jamii yake ipo dawa, naloksoni, inayoweza kumrudisha ndani ya dakika chache.

Kesho yake, ukiwa umelala na hasira imeshuka, sema ulichokiona na si ulichokihukumu. "Nimekuta hiki kwenye suruali yako, na tangu mwezi uliopita naona umeacha mazoezi. Nina wasiwasi. Niambie." Kisha vumilia ukimya. Kama ni kujaribu, kanuni mliyowekeana itatosha, ikitekelezwa bila kelele. Kama ni zaidi ya hapo, nenda naye kwa daktari au mshauri mwenye uzoefu na vijana.

Kuna kosa moja ambalo hufanywa kwa upendo na huua. Familia inamfungia kijana chumbani wiki mbili "mpaka imtoke". Kwa aliyezoea pombe nyingi au vidonge vya usingizi, kuacha ghafla bila uangalizi kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Kwa wa heroini, arosto yenyewe huwa nadra kuua, lakini wiki hizo mbili zimemfungulia madirisha tuliyoyasema juu. Akitoka na kurudia kiasi chake cha zamani, mwili haukiwezi tena, na wengi wamefia hapo hapo. Kurudia baada ya kuacha ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, kama shinikizo la damu linavyopanda mgonjwa akiacha dawa. Ni la kupangiwa mapema, na daktari.

Litabaki swali moja ambalo hakuna orodha inayomwandaa mzazi kwalo, na huja bila kubisha hodi, pengine mkiwa kwenye gari au mkiosha vyombo: "Na wewe, uliwahi?" Kama hukuwahi, sema hukuwahi na kwa nini. Kama uliwahi, usikane, maana shangazi au mjomba atakuja kulisema siku moja akicheka. Usilipambe pia likawa hadithi ya ushujaa. Sentensi mbili zinatosha: nilianza nikiwa na umri fulani, na kilinigharimu hiki. Halafu nyamaza, kwa kuwa kijana anayeuliza hivyo mara nyingi ana jambo lake analolitafutia njia ya kulisema.